Romu ya Kompyuta ya Zamani: Uichote, Uinunue, Utumie ya Huria au Uipakue?

Ukishasakinisha WinUAE au FS-UAE, emuleta (programu za kuiga mashine) mbili zinazotumika sana kwa Amiga, kompyuta ya Commodore ya miaka ya 1980, moja ya mambo ya kwanza utakayoulizwa ni liko wapi faili la Kickstart, yaani romu ya Amiga, programu ya kuwashia mashine iliyokaa kwenye chipu. Wengi hapo hapo hufungua kivinjari, huandika jina la faili, na kabla chai haijapoa wanalo. Baadaye ndipo huja swali ambalo mimi huulizwa kuliko jingine lolote kuhusu kompyuta hizi: "Kwani emuleta si halali?"

Emuleta ni halali. Ila faili walilopakua si emuleta, na hapo ndipo mazungumzo mengi yanapopotea. Nataka tulinganishe njia nne za kuipata romu ya mashine ya zamani, kwa macho ya sheria na kwa macho ya mtu anayetaka mashine iwake na ifanye kazi. Mfano wangu mkuu ni Amiga, kwa sababu ndiyo ninayoijua kwa mikono yangu. Baba yangu mdogo alifanya kazi miaka mingi Hamburg, na aliporudi Tanga alirudi na Amiga 500 ndani ya sanduku lake la awali. Sasa inakaa kwangu.

Vitu viwili, waandishi wawili

Emuleta ni programu inayoiga vyuma: prosesa ya Motorola 68000, chipu za picha na sauti, kiendesha flopi. UAE ilianzishwa na Bernd Schmidt mwaka 1995, na WinUAE imetunzwa kwa miaka mingi na Toni Wilen. Kazi hiyo ni yao na ya wenzao. Wameitoa kwa hiari, na ukiipakua kutoka kwao huna deni na mtu.

Romu ni kazi ya watu wengine. Kickstart iliandikwa na wahandisi wa Commodore-Amiga, ikachomwa kwenye chipu kiwandani. Watu hudhani kilichomo kwenye chipu ni sehemu ya chuma, kama waya au kapasita. Amiga yenyewe inawasahihisha. Amiga 1000 ya mwaka 1985 ilipakia Kickstart kutoka kwenye flopi kila ilipowashwa. Amiga 500 na 2000 za mwaka 1987 zikaja nayo ikiwa kwenye chipu. Kama ilikuwa programu ilipokaa kwenye flopi, haikuacha kuwa programu ilipohamia kwenye chipu.

Kesi mbili za kuzijua

Hoja kwamba "romu ni chuma tu" ilishafikishwa mahakamani. Kampuni ya Franklin nchini Marekani ilitengeneza kompyuta iliyoitwa ACE 100, yenye uwezo wa kuendesha programu za Apple II. Ili ioane nayo kabisa, walinakili programu 14 za Apple, zikiwemo zilizokuwa kwenye romu. Kukana kungekuwa kugumu: ndani ya nakala zao lilikutwa jina la mwandishi wa programu wa Apple, pamoja na neno "Applesoft". Utetezi wao ukawa kwamba programu iliyo kwenye romu, iliyoandikwa kwa sufuri na moja ambazo binadamu hazisomi, haiwezi kuwa na hakimiliki. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufaa ya Kanda ya Tatu ilikataa hoja hiyo. Romu ni maandishi, na maandishi yana mwenyewe.

Kesi ya pili ndiyo inayotajwa sana, na mara nyingi hutajwa vibaya. Januari 1999 kampuni ya Connectix ya California ilionyesha Virtual Game Station, programu iliyowezesha kompyuta ya Macintosh kucheza michezo ya PlayStation. Sony wakashtaki mwezi huo huo, na Aprili wakapata zuio. Wakati wa kuiunda programu hiyo, wahandisi wa Connectix walikuwa wameichota (wameinakili kutoka kwenye chipu) baiosi ya PlayStation, yaani romu yake ya kuwashia, wakaifumua na kuichunguza tena na tena ili waelewe inavyozungumza na michezo. Baada ya hapo wakaandika ya kwao. Tarehe 10 Februari 2000 Mahakama ya Rufaa ya Kanda ya Tisa iliondoa zuio: nakala zile za katikati ya kazi, zilizofanywa ili kuelewa yale ambayo hakimiliki haiyalindi, zilikuwa matumizi ya haki. Mahakama hiyo hiyo ilikuwa imeshaelekea huko mwaka 1992 katika kesi ya Sega dhidi ya Accolade. Mwaka 2001 Sony waliinunua Virtual Game Station na kuiondoa sokoni.

Sasa sikiliza sehemu ambayo wengi huiruka. Bidhaa iliyouzwa na Connectix haikuwa na msimbo wa Sony ndani yake. Ndiyo maana walishinda. Mtu anayeitaja kesi hii ili kuhalalisha kupakua baiosi ya Sony kwenye tovuti fulani anaitumia kusema kinyume cha ilichosema.

Ulaya nako mwelekeo ni ule ule. Mwaka 2012 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika kesi ya SAS Institute dhidi ya World Programming, ilisema kwamba kazi inayofanywa na programu hailindwi na hakimiliki. Kinacholindwa ni jinsi ilivyoandikwa. Kuiga inachofanya Kickstart ni ruhusa. Kunakili Kickstart ni jambo jingine.

Tahadhari moja kwa wapenzi wa mashine mpya: usichukue maneno haya na kuyabandika kwenye Nintendo Switch. Februari 2024 Nintendo waliwashtaki watengenezaji wa emuleta ya Yuzu, na hoja yao ilikuwa juu ya kuvunja kufuli za kidijitali, jambo ambalo sheria ya Marekani ya mwaka 1998 inalikataza peke yake, hata pasipo suala la kunakili. Mapema Machi wahusika walikubali kulipa dola milioni 2.4 na emuleta ikafungwa. Romu ya Amiga 500 haina kufuli. Yeyote mwenye mashine anaweza kuisoma, na hilo linazifanya kompyuta za miaka ya 1980 kuwa uwanja mwepesi zaidi kisheria.

Je, sheria hizi zinamfikia msomaji wa Mombasa au Mwanza?

Zinamfikia kwa njia ya Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki, ambao Kenya ilijiunga nao mwaka 1993 na Tanzania mwaka 1994. Kazi ya Mmarekani inalindwa huku kama inavyolindwa kazi ya mwenyeji. Sheria ya Hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 inaitaja programu ya kompyuta pamoja na maandishi mengine. Ya Kenya ya mwaka 2001 inaihesabu kuwa kazi ya fasihi, na inamruhusu mwenye programu kwa njia halali kujitengenezea nakala ya akiba. Sijaona COSOTA wala KECOBO, taasisi za hakimiliki za Tanzania na Kenya, wakigonga mlango wa mtu kwa ajili ya Kickstart. Hata hivyo naandika kwa ajili ya mtu anayetaka kujua alichonacho ni chake au si chake, awe anatazamwa au hatazamwi.

Njia ya kwanza: kuichota kwenye mashine yako

Hii ndiyo niliyoifuata mimi kwanza, na bado naipenda kuliko zote. Unaendesha programu ndogo kama TransROM ndani ya Amiga; inaisoma chipu na kuandika faili. Ugumu unaanza unapotaka kulitoa faili hilo. Flopi ya Amiga yenye KB 880 haisomeki kwenye kiendesha flopi cha kawaida cha PC. Ukiwa na Workbench (programu ya mfumo ya Amiga) 2.1 au zaidi, Amiga inaweza kuandika flopi ya PC ya KB 720. Ukiwa na Amiga 600 au 1200 (A600, A1200), kadi ya kumbukumbu kwenye tundu la PCMCIA inarahisisha mambo. Mimi nilikuwa na A500 yenye Kickstart 1.3, kwa hiyo nilitumia waya wa siriali. Kwa kasi ya biti 9,600 kwa sekunde, KB 256 huchukua kama dakika nne na nusu. Faili likifika lazima liwe na baiti 262,144 kamili, Kickstart 2.0 na kuendelea ni maradufu, baiti 524,288. Ichote mara mbili na uyalinganishe mafaili. Kama yanatofautiana hata kwa baiti moja, waya wako au chipu yako ina tatizo.

Kama mashine haiwaki tena, chipu yenyewe ya miguu 40 inaweza kung'olewa taratibu kwenye soketi na kusomwa kwa kifaa cha kusomea romu. Usitumie bisibisi upande mmoja tu. Inua huku kidogo, kule kidogo, la sivyo miguu itapinda au kukatika.

Kisheria njia hii inasimama wapi? Sheria ya Marekani, kifungu cha 117, inamruhusu mmiliki wa nakala ya programu kutengeneza nakala ya akiba, kwa sharti kwamba akiba hiyo iharibiwe haki ya kumiliki ikiisha. Ulaya, agizo la mwaka 2009 linasema mwenye haki ya kutumia programu hawezi kuzuiwa kwa mkataba kutengeneza nakala ya akiba inayohitajika kwa matumizi yake. Kwa hiyo ukiuza Amiga, nakala nayo inaondoka nayo. Huwezi kuuza ng'ombe ukabaki unakamua maziwa.

Ila nisiwapambie njia hii. Maneno ya sheria hizo ni ya akiba. Hayataji kuendesha nakala kwenye kompyuta nyingine. Na kuna kesi ambayo wapenzi wa emuleta huipita kimya. Mwaka 1983 huko Illinois, Atari waliishtaki kampuni ya JS&A iliyouza kifaa kiitwacho Prom Blaster, cha kunakilia katriji za michezo. JS&A walijitetea kwa kifungu hicho hicho cha 117. Mahakama ikawakatalia, ikisema kifungu kiliwekwa kwa ajili ya programu zilizo kwenye vitu vinavyoweza kuharibiwa na hitilafu za umeme au za mitambo, kama diski, na katriji za romu hazikuwa katika hatari ya namna hiyo. Hiyo ilikuwa mahakama ya chini, na mshtakiwa alikuwa muuzaji wa vifaa, wala hakuwa mtu binafsi aliyekaa na kompyuta yake sebuleni. Aliyefungua kompyuta yenye miaka 35 anajua pia kwamba chipu hufa. Hata hivyo kesi ipo. Kuichota romu yako ni njia yenye hoja nzito upande wako, na mimi nimeitumia kwa dhamiri safi, lakini si karatasi iliyopigwa muhuri.

Njia ya pili: idhini ya mwenyewe

Karatasi yenye muhuri iko hapa. Tangu mwaka 1997 kampuni ya Cloanto imekuwa ikiuza Amiga Forever, mkusanyiko wenye Kickstart zilizotolewa kwa leseni pamoja na emuleta zilizokwishapangwa. Unalipa, unapakua, unacheza. Toleo dogo na toleo kubwa havilingani kwa idadi ya romu, kwa hiyo soma orodha kabla ya kulipa: michezo mingi ya mwisho wa miaka ya 1980 inataka 1.3, na ile ya A1200 inataka 3.1. Jambo moja la kiufundi linalosumbua wageni: romu za Cloanto mara nyingi huja zikiwa zimefichwa kwa ufunguo, faili liitwalo rom.key. Ukizihamishia kwenye FS-UAE bila kulihamisha faili hilo, emuleta italalamika na utadhani umeuziwa kitu kibovu. Viweke vyote folda moja.

Wapo wanaosema, "Commodore ilikufa 1994, nimlipe nani?" Kampuni hufa, mali zake hurithiwa. Za Commodore zilikwenda Escom ya Ujerumani mwaka 1995, kisha Gateway ya Marekani mwaka 1997, kisha zikaendelea kugawanyika. Baadaye Cloanto na kampuni ya Hyperion ya Ubelgiji walivutana mahakamani Marekani kwa miaka juu ya nani ana haki gani, huku Hyperion wakitoa AmigaOS 3.1.4 mwaka 2018 na 3.2 mwaka 2021. Mali inayogombewa kwa mawakili si mali iliyotupwa. Na muda haujatusaidia: kazi iliyoandikwa kwa ajili ya kampuni Marekani hulindwa miaka 95 tangu kutolewa. Kickstart 1.3, ya mwaka 1988, itakuwa chini ya ulinzi hadi mwisho wa 2083. Naona muda huo ni mrefu kupita kiasi kwa programu ambayo maisha yake sokoni hayakufika miaka kumi, na ningefurahi kuona wabunge popote wakiufupisha. Lakini ndio uliopo.

Idhini inaweza pia kuwa ya bure. Amstrad walinunua jina na bidhaa za kompyuta za Sinclair mwaka 1986, na mwaka 1999 wakatangaza hadharani kwamba hakimiliki ya romu za ZX Spectrum inabaki kwao, ila wanaruhusu romu hizo zisambazwe pamoja na emuleta, mradi maandishi ya hakimiliki yaliyomo yasibadilishwe. Ndiyo sababu ukipakua emuleta ya Spectrum leo inawaka mara moja, romu ya KB 16 ikiwa ndani yake. Tangazo moja fupi liliondoa hofu ya watu wote wanaoipenda mashine ile. Natamani kila mrithi wa kampuni iliyokufa angefanya hivyo.

Njia ya tatu: romu huria

Kabla ya kusema hii ni njia ya watu wasio na pesa, kumbuka PC zilitoka wapi. IBM walipotoa PC mwaka 1981, karibu sehemu zote zilipatikana madukani; kilichokuwa chao hasa ni baiosi kwenye romu. Walichapisha hata maandishi yake yote kwenye kitabu cha ufundi, ambako kila mtu aliweza kuyaona. Compaq wakatenganisha watu wao. Kundi moja lilisoma na kuandika maelezo ya kila kazi inayofanywa na baiosi. Kundi la pili, la watu ambao hawakuwahi kuuona msimbo wa IBM, likaandika baiosi mpya kutokana na maelezo hayo tu. Mwaka 1984 kampuni ya Phoenix ikaanza kuuza baiosi iliyotengenezwa kwa utaratibu kama huo kwa yeyote aliyetaka kutengeneza kompyuta. Kompyuta za PC zilizojaa mitaa ya Kariakoo na Luthuli ni wajukuu wa kazi ile. Romu iliyoandikwa upya kwa uaminifu ndiyo iliyoleta bei ya kompyuta chini kiasi cha kutufikia.

Kwa Amiga, kazi ya namna hiyo inaitwa AROS. Ilianza mwaka 1995 kwa lengo la kuandika upya mfumo wa Amiga bila msimbo wa Commodore, na romu yake imo ndani ya WinUAE na FS-UAE. Usipoipa FS-UAE Kickstart yoyote, yenyewe hujaribu kuwasha kwa AROS. Michezo mingi ya kwenye flopi inakubali, hasa ile inayowasiliana na vyuma moja kwa moja na kuupuuza mfumo. Mingine inakataa, au inawaka na kukwama. AROS ni kubwa kuliko Kickstart ya zamani na inataka kumbukumbu zaidi, kwa hiyo mchezo uliobanwa ndani ya KB 512 za A500 unaweza kukosa nafasi. Ukiona mchezo umekwama, ongeza kumbukumbu kwenye mipangilio kabla ya kukata tamaa.

Kwa Atari ST hali ni nzuri zaidi. EmuTOS, romu huria inayochukua nafasi ya TOS ya Atari na kufanya kazi na emuleta ya Hatari, ilipata bahati: msimbo wa GEM, mfumo wa madirisha wa Digital Research, ulikuja kutolewa kwa leseni huria ya GPL na Caldera, wamiliki wa baadaye, kwa hiyo waandishi wake walianza na msingi halisi uliotolewa kwa ridhaa. Nimeitumia wiki nzima bila kukumbuka kwamba si TOS ya Atari. Kompyuta za MSX zina C-BIOS, ambayo inaendesha katriji nyingi lakini haina lugha ya BASIC. QEMU, emuleta ya PC, inakuja na SeaBIOS na mtumiaji wa kawaida hajui hata kama kuna swali la kuuliza. Kwa PlayStation ya kwanza ipo OpenBIOS ya mradi wa PCSX-Redux, ingawa si kila emuleta inaipokea.

Kisheria njia hii haina doa. Unaweza kumpa rafiki, kuifundishia shuleni, kuiweka kwenye kompyuta 30 za maabara. Romu uliyoichota mwenyewe huwezi kuifanyia hayo, na iliyonunuliwa kwa leseni ya mtu mmoja pia huwezi. Mwalimu akiniuliza, simpi njia nyingine.

Njia ya nne: kuipakua kwenye tovuti ya romu

Nimesikia sababu tatu. Ya kwanza ni kwamba unaweza kukaa na faili kwa saa 24 kisha ukafuta. Hakuna sheria ya namna hiyo, si Marekani, si Ulaya, si kwetu. Ni maneno ambayo tovuti zenyewe ziliyabandika ili zionekane zina kinga. Ya pili ni kwamba kazi imetelekezwa, na nimeshaeleza mali ya Commodore ilikwenda wapi. Ya tatu ndiyo yenye uzito: "Mashine ninayo, romu ninayo, kuna tofauti gani nikipakua faili lile lile baiti kwa baiti?"

Tofauti ni nani ametengeneza nakala. Haki ya akiba ni ya mwenye nakala kujitengenezea akiba. Haimpi mtu baki haki ya kusambaza. Mwaka 2000 mahakama ya New York iliamua jambo la jirani: MP3.com iliwawekea wateja muziki mtandaoni baada ya wao kuthibitisha kuwa wana CD zenyewe, na bado kampuni ikaonekana imevunja hakimiliki, kwa sababu nakala ilizotengeneza hazikuwa za wateja wale. Kwa upande wa romu, mwaka 2018 hukumu dhidi ya wenye tovuti ya LoveROMs, kesi iliyofunguliwa na Nintendo, ilizidi dola milioni 12, na mwaka 2021 RomUniverse iliamriwa kulipa dola milioni 2.1. Wanaolipishwa ni wasambazaji, na mpakuaji mmoja hajawa shabaha ya wenye haki. Lakini anayepakua anajenga kwenye kiwanja cha mtu.

Kuna na ubaya wa kiufundi. Faili la kwenye tovuti hujui limepita mikono gani. Nimekutana na Kickstart iliyokatwa mwishoni, nyingine iliyobandikwa nembo ya mtu mwanzoni, na moja iliyojiita 1.3 kumbe ni 1.2. Rafiki yangu alipoteza siku tatu akilaumu emuleta.

Zikiwekwa bega kwa bega

| | Sheria | Gharama | Programu za Amiga zinazokubali | Kumpa mwingine |
|---|---|---|---|---|
| Kuichota | Hoja nzito, si hakika kabisa | Waya na muda, kama mashine unayo | Zote za toleo lako la romu | Hapana |
| Idhini | Hakika | Bei ya leseni; Spectrum bure | Karibu zote | Kwa mujibu wa leseni |
| Huria | Hakika | Bure | Nyingi, si zote | Ndiyo |
| Kupakua | Haipo upande wako | Bure | Kama faili ni zima | Hapana |

Mimi ningechagua hivi

Kama unataka Spectrum, acha kusoma na uanze, Amstrad walishakujibu. Kama unataka Atari ST, chukua Hatari na EmuTOS, na utafute TOS halisi siku mchezo mmoja mahususi utakapokukatalia. Kwa PlayStation, ichote baiosi ya mashine yako au jaribu OpenBIOS.

Kwa Amiga, jioni ya kwanza tumia AROS. Haikugharimu kitu, na utajua kama mashine hii unaipenda kweli au ulikuwa umevutwa na kumbukumbu ya utotoni. Ukiona unarudi kila wiki, na huna Amiga ya chuma ndani ya nyumba, nunua leseni. Kununua Amiga mbovu mtandaoni kwa ajili ya chipu tu, uisafirishe, ulipe ushuru bandarini, kisha utafute waya wa siriali, kutakula pesa mara nyingi zaidi ya Amiga Forever, na mwisho wake utakuwa na hoja ya kisheria iliyo dhaifu kuliko ya aliyenunua leseni.

Lakini kama mashine unayo, kama mjomba au shangazi alikuachia moja na iko juu ya kabati imefunikwa kanga, ichote mwaka huu. Fanya hivyo hata kama utanunua leseni pia, kama nilivyofanya mimi. Yangu nimeihifadhi sehemu mbili, pamoja na karatasi yenye namba iliyo chini ya mashine, toleo la Kickstart, tarehe niliyoichota na jina la baba mdogo.